Bangili ya mama na mwiko wa ugali

Jumamosi nilimvika mama bangili ya kupima mapigo ya moyo niliyoiunda hapa Kondele, Kisumu, nikaketi sebuleni na simu kusubiri matokeo. Akiwa ametulia, mapigo yalikuwa 74. Akaingia jikoni kusonga ugali. Simu ikalia: 148! Nikakimbia, nikamkuta anaimba.

"Wewe, hiyo kitu yako inahesabu mwiko," akaniambia.

Kweli kabisa. Bangili humulika ngozi kwa taa ya kijani, kihisi kikapima mwanga unaorudi. Damu ikijaa mshipani, mwanga mwingi humezwa. Mkono ukienda kwa mdundo wake, programu hudhani huo ndio moyo. Nimeongeza kihisi cha mwendo, ili vipimo vya mkono unaosonga viwekwe kando.

Kupima oksijeni ya damu ndiko kunakoninyima usingizi. Takuo Aoyagi wa Japani aliwasilisha mbinu yake mwaka 1974: unalinganisha jinsi damu inavyonyonya mwanga mwekundu na wa infraredi, usioonekana kwa macho. Lakini melanini, rangi ya asili ya ngozi, nayo hunyonya mwanga, na imeonekana kwamba vipimo hivi huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo kwa wenye ngozi nyeusi. Yaani sisi! Moduli niliyoagiza, kile kipande cha kupimia oksijeni, haikuja na neno lolote kuhusu ngozi iliyojaribiwa. Kwa hivyo nambari hiyo nimeificha kwanza, mama asije akaambiwa yu salama na pumzi zinamwishia.

Betri hukaa siku mbili. Mkanda wa mpira ulimwasha kwa jasho, nikamshonea wa kitambaa. Sasa anataka wa kitenge, ufanane na gauni lake la kanisani.