Nilivyosoma Haki za Kijamii Pembeni ya Uhasibu

Fani yangu kuu chuoni, hapa Unguja, ilikuwa uhasibu. Haki za Kijamii niliichukua mwaka wa pili kuwa fani ndogo, yaani masomo machache pembeni ya yale ya msingi. Muhula wa kwanza nilikaribia kuiacha. Tulisoma hoja ya mwanafalsafa wa Kimarekani John Rawls ya mwaka 1971, kwamba tofauti ya kipato huwa ya haki pale tu inapomfaa zaidi aliye chini kabisa, nami niliikariri kwa ajili ya mtihani bila kujua niipeleke wapi.

Kazi ya utafiti ndiyo iliyonizuia. Niliifanyia Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mama yangu mdogo anayelima mwani, kilimo ambacho kibiashara kilianza pwani hiyo mwaka 1989 na ambacho wakulima wake wengi ni wanawake. Kwa kuwa wao hushuka baharini wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, niliipanga ratiba yangu kwa kufuata mwezi: vipindi nilivyovikosa nilivinakili kwa wenzangu, na siku za maji mafu, yasiyokupwa sana, nilishinda maktaba.

Nilikwenda na maswali mengi kuhusu ubaguzi. Mama mdogo aliyasikiliza yote, kisha akasema, "Mwanangu, si unasoma hesabu wewe? Basi nifanyie hesabu yangu." Nikayaweka kando, nikafungua daftari la gharama kama tulivyofundishwa: kufunga mbegu kwa tai-tai, yaani vikamba vidogo, kushuka, kuvuna, kubeba mwani mbichi, kuanika, kuanua mvua ikitanda. Kila saa niliiandika. Mnunuzi wake, aliyempa kamba kwa sharti la kuuziwa yeye tu, alilipa kwa kilo ya mwani mkavu, na tulipogawa malipo yale kwa saa zile, mama mdogo alinyamaza kwa muda mrefu. Tena kotonii, aina yenye bei nzuri zaidi, inakufa maji yanapozidi joto, hivyo amebaki na spinosamu ya bei ya chini, na hasara hiyo ya bahari anaibeba peke yake.

Hapo hoja ya Rawls ilipata mtu wa kumpima. Naamini kwa dhati kwamba somo hili lingefaa kuanzia ufukweni, nadharia zikafuata, kwa sababu mwanafunzi aliyekwisha kuona saa za mtu zikipotea hahitaji kukariri.

Ripoti niliiwasilisha chuoni, lakini kwanza niliwasomea wanawake wenyewe, nao wakanisahihisha mahali pawili. Daftari nililiacha Paje. Mama mdogo hulijaza kila bamvua, na safari iliyopita nilikuta jirani zake wawili wameanzisha ya kwao.