Mzee na tambara lake

Leo Jumamosi nimeosha gari mwenyewe, saa moja kasoro asubuhi jua halijavuka ukuta, sa hivi nimekaa barazani na chai naona bora niliandike hili jambo, maana limenikaa rohoni wiki nzima.

Gari langu ni IST nyeusi. Walioko Moshi mnajua rangi nyeusi ikikutana na vumbi letu inakuwaje. Mtaani kwetu njia ni ya udongo, Oktoba hii ikipita bodaboda moja tu unaandika jina lako kwenye buti, na mjakaranda wa jirani nao unamwaga maua yanayoganda kwenye boneti. Sasa pale getini tuna mlinzi, mzee umri wa baba yangu kabisa, na kila alfajiri kabla sijaamka anakuwa ameshalifuta gari. Hajaombwa na mtu. Tambara lake ni fulana ya kampeni ya zamani hadi uso wa mgombea umefutika. Nikitoka, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, leo linameremeta, siku mojamoja namwachia hela ya chai, naondoka zangu nimefurahi.

Jumapili iliyopita nimepaki juani nje ya kanisa, wakati wa kurudi nikaliangalia boneti kwa ubavu, moyo ukapiga paa. Miviringo midogomidogo kila mahali, kama buibui kafuma usiku kucha! Nikampigia fundi rangi mmoja wa Majengo akacheka tu, akaniuliza, nani anakufutia vumbi likiwa kavu?

Yani juu ya rangi kuna ile klia, ndo inayong'aa, na unene wake ni kama maikroni 40 au 50 hivi, unywele wa kichwani mara nyingi ni mnene kuliko hiyo. Vumbi la huku ni la udongo wa volkano, lina chembe ngumu kuliko klia, kwa hiyo ukiburuta tambara kavu juu yake unakuwa unapiga msasa. Msasa laini sawa, ila kila siku, kwa miaka miwili.

Na nisijifanye mtakatifu. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa naosha na sabuni ya unga ile ya nguo, kumbe inaondoa nta yote rangi inabaki uchi, na sponji likidondoka chini naliokota nalikung'uta naendelea. Sasa mikwaruzo ipi ya mzee na ipi ya kwangu, nani atajua.

Ila kumwambia ndo mtihani. Mtu mzima anakutendea wema gizani, utaanzaje kumwambia wema wako unaniharibia? Wiki nzima nampita getini na maneno yangu mdomoni. Leo nikaona nisiseme, nikamwita tu, mzee njoo tuoshe wote.

Tukaanza kumwaga maji mengi bila kugusa chochote, vumbi lishuke lenyewe. Ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, nyingine maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye shampuu. Paa kwanza, milango baadaye, kule chini karibu na matairi mwisho kabisa. Mzee akauliza, ndoo ya pili ya nini mwanangu? Nikamwambia ngoja. Tulipomaliza nikaimwaga taratibu, chini pamebaki mchanga kiganja kizima. Akauangalia, akachukua kidogo akausugua kati ya vidole viwili, kimya.

"Kumbe nilikuwa nakukwaruzia."

Nikasema tulikuwa, mzee, tulikuwa.

Tukakausha haraka na taulo za maikrofaiba, jua likikukuta na matone yanaacha madoa meupe ya chumvichumvi. Afu nikamwonyesha kamchezo, unavaa mfuko wa plastiki mkononi unapapasa rangi iliyooshwa, mkono unasikia vichembe ambavyo vidole vitupu havivisikii (mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, nikatumia wa mkate). Boneti lilikuwa kama ulimi wa paka. Hapo inatakiwa ule udongo laini wa kunasia uchafu na maji ya shampuu ya kuteleza, nikapitisha boneti peke yake, mkono ulichoka. Miviringo yenyewe haijatoka, hiyo mpaka polishi, na polishi inakula klia kidogo kwa hiyo siyo kitu cha kila wiki.

Nta ndo ilimfurahisha mzee. Nilimwambia nyingine inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi huko Brazili, hakuamini. Unapaka nyembamba kabisa, unaacha ikauke iwe kama ukungu, unafuta. Akamwagia maji kwa kopo, yakajikusanya vidonge vidonge yakakimbia, akacheka kwa sauti, "Kama kwenye jani la gimbi kule kihambani!" Ni kweli kabisa, sikuwahi kufikiria.

Baada ya hapo akaikunja fulana yake vizuri akaniuliza, sasa asubuhi mimi nifanye nini? Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikasema vioo, mzee. Vioo vya madirisha, ukishavimwagia maji, ila taa usiziguse, zile ni plastiki.

Ameshaenda na kopo lake, yuko dirisha la tatu, nasikia fulana inalia kwenye kioo mpaka huku barazani.