Mtu mmoja aliyechukuliwa, na jina la Kariakoo

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kariakoo kununua kanga za msiba, na nilipofika karibu na Mtaa wa Msimbazi nikasogea pembeni kumpisha kijana aliyejitwisha belo la mitumba. Alikuwa amekunja kitambaa kikawa ngata, shingo imemsimama mishipa, na kila baada ya hatua chache alipaza sauti: "Njia jamani, mzigo!" Watu wakampisha bila kumtazama. Mimi nilimtazama mpaka akakata kona, kwa sababu mahali pale penyewe pamepata jina lake kutokana na watu waliobeba mizigo. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916 walikifanya kitongoji hicho kuwa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na midomo ya wenyeji ikalitamka jina hilo kwa namna yake, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, na chanzo chake ni hicho hicho.

Ninaliandika jambo hili kwa sababu ya mtu mmoja wa ukoo wangu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mgogo wa upande wa Mpwapwa, na baba yake mkubwa alichukuliwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwenda kubeba mizigo. Bibi alizaliwa miaka mingi baadaye, hivyo hakumwona kamwe. Alichorithi ni maneno mafupi tu aliyokuwa akiyasikia kwa wakubwa zake: kwamba askari walifika asubuhi, wakamkuta zizini, wakamfunga kamba pamoja na wengine, na hakurudi. Nyumbani walimtaja kama "aliyechukuliwa", na hilo ndilo jina pekee lililonifikia.

Sababu za vita hiyo hazikumhusu hata kidogo. Tarehe 28 Juni 1914 mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria na Hungaria, Franz Ferdinand, aliuawa kwa risasi mjini Sarajevo, na kwa kuwa mataifa ya Ulaya yalikuwa yamefungamana kwa mikataba na kushindana kwa silaha na makoloni kwa miaka mingi, kila moja likalivuta jingine mpaka Uingereza nayo ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umeacha mlango wa kuziweka nchi za bonde la Kongo na jirani zake, pamoja na hii yetu, nje ya vita ya Wazungu, na Heinrich Schnee, gavana wa koloni hili lililokuwa la Wajerumani, alitamani iwe hivyo. Haikuwa. Tarehe 8 Agosti manowari ya Uingereza, Astraea, iliupiga kwa mizinga mnara wa simu za upepo wa Dar es Salaam, na tangu siku hiyo hakuna aliyeulizwa tena kama anataka vita au hataki.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakutegemea kushinda. Nia yake ilikuwa kuwavuta huku askari wengi wa adui kadiri iwezekanavyo, ili wasipelekwe kwenye uwanja wa vita wa Ulaya. Mwezi Novemba 1914 kikosi cha watu wapatao 8,000 kilicholetwa kutoka India kilishuka Tanga, na askari wa von Lettow-Vorbeck wapatao 1,000 wakakirudisha baharini, huku nyuki waliochokozwa na risasi wakiwauma wa pande zote mbili. Manowari ya Ujerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji mpaka ilipoangamizwa Julai 1915, lakini mizinga yake 10 iliopolewa, ikaburutwa na mamia ya watu kwa kamba hadi Dar es Salaam, ikatengenezwa na kurudishwa vitani nchi kavu. Vitabu vingi husifu werevu wa kazi hiyo. Mimi kila nikiisoma huwaza juu ya mikono iliyoshika zile kamba.

Hapo ndipo penye kiini cha vita hii, na ningependa msomaji avumilie hesabu kidogo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na ile ya Tanga iliishia Moshi, lakini nje ya njia hizo mbili hapakuwa na barabara ya kutegemewa, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi kwa maelfu kwa ugonjwa wa nagana. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Mpagazi alibeba kiasi cha kilo 25. Tuseme mzigo wake ni unga, na yeye mwenyewe anahitaji kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10 kumfuata askari aliye mbele na siku 10 kurudi, amekula kilo 20 za mzigo wake, na amefikisha kilo 5 tu. Kambi ikisogea mbali zaidi, ama wapagazi waongezwe maradufu, ama wapunguziwe posho. Makamanda walifanya yote mawili. Jenerali Jan Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, alipowasukuma askari wake kusini mwaka 1916 masika yakiwa yamekolea, wapagazi walitembea kwenye matope ya kufika magotini wakiwa na blanketi moja, na pengine hata hilo hawakuwa nalo.

Kwa ujumla Waingereza waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Wengi wao hawakujiandikisha kwa hiari. Machifu walipewa idadi wanayotakiwa kuitoa, na katika Kenya ya leo aliyelazimishwa alilipwa rupia 5 kwa mwezi. Kwa hesabu rasmi za Waingereza wenyewe, zaidi ya 90,000 kati yao walikufa, na wachache tu waliuawa kwa risasi. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Watu waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi, bila muda wala kuni za kuupika ukaiva, na matumbo yao yakaharibika njiani. Hao angalau walihesabiwa. Upande wa Wajerumani, ambako ndiko alikokuwa mtu wetu, wapagazi wengi waliokotwa kijiji kwa kijiji jeshi likipita, na hapakuwa na karani wa kuandika nani ameanguka wapi.

Von Lettow-Vorbeck aliacha nchi nyuma yake ikiwa imekombwa ghala na mazizi, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, akazunguka hadi Rhodesia ya Kaskazini, na akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Ulaya ilikuwa imenyamaza wiki mbili kabla. Huku vita haikuishia siku ile. Ugogoni majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume wenye nguvu za kulima, mvua nazo zikakosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya na ambayo bibi aliitaja kwa sauti ya chini kana kwamba ingeweza kusikia ikarudi. Homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918 iliwakuta watu wakiwa tayari mifupa mitupu. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake. Rwanda na Burundi zikaenda kwa Ubelgiji, na sehemu yetu kubwa ikawekwa chini ya Uingereza na kupewa jina la Tanganyika mwaka 1920.

Kutoka Kariakoo siku ile nilipanda daladala hadi Posta, nikashuka kwenda kuitazama Sanamu ya Askari, ambayo watu wa mji wengine huiita Bismini. Nimepita pale maisha yangu yote bila kusimama. Ilizinduliwa mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann. Askari wa shaba ameinamisha bunduki yenye singe kuelekea bandarini, na chini yake kuna maandishi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Wapagazi wametajwa humo, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwishoni kuna ahadi kwamba anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Aliyechukuliwa zizini hakuwa akiipigania nchi yake, na watoto, kwa maneno ya bibi, hakuacha. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa sehemu ya sababu. Hesabu hiyo ni ya waliotumikia Uingereza. Waliobebeshwa mizigo na Wajerumani hawamo.

Jioni nilimpigia simu mjomba, mdogo wa mwisho wa mama, ambaye bado anaishi kijijini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Za Dar?"

Nilimweleza ninachotafuta. Akanyamaza kwa muda, nikasikia mlango wa bati ukifungwa. Akasema kwamba baba yake bibi, yaani mdogo wake yule aliyechukuliwa, alimpa mtoto wake wa kwanza wa kiume jina la kaka yake, kama desturi ilivyo, lakini mtoto huyo alifariki kabla hajaanza kutembea, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kulitoa tena.

"Ni jina gani, mjomba?"

"Ndilo nisilolijua. Yuko mama mmoja mzee hapa ng'ambo ya mto, huenda alilisikia. Kesho kutwa nitavuka."

Nimenunua daftari dogo. Ukurasa wa kwanza nimeandika kijiji, zizi, asubuhi, na nimeacha mstari mmoja wazi.