Siku moja maishani mwangu: karatasi kabla ya posta

Saa 1:30 asubuhi. Chai, kompyuta, rundo la sampuli. Kazi yangu ni kuandaa nyaraka za bidhaa ambazo mafundi wa Arusha wanauza Ulaya kupitia mtandao: shanga, mashati ya kitenge, midoli. Mtaani wanajua nabandika stika. Ni kweli, stika nabandika pia.

Saa 2 hadi saa 4. Lebo. Mtandio wa pamba unaokwenda Ujerumani unaandikwa Baumwolle, unaokwenda Ufaransa coton. Shati lenye vifungo vya pembe ya ng'ombe linahitaji sentensi ya ziada, kwa lugha ya nchi linakokwenda, kwamba lina sehemu zisizo za kitambaa zitokanazo na mnyama. Hiyo ndiyo husahaulika zaidi.

Saa 4. Kipindi hiki cha baridi Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa 2, kwa hiyo maabara ndiyo kwanza inafungua. Majibu ya hereni: shanga zimepita, kulabu zimefeli. Sikushangaa. Shanga nzuri za Kimasai nyingi hutoka Ucheki na huja na karatasi za kiwandani. Kulabu zimenunuliwa kwa kilo, hazina karatasi yoyote. Tena nikeli, metali inayoleta mzio wa ngozi, haipimwi kwa kuangalia kiasi kilichomo ndani, bali kiasi kinachotoka: kulabu inalowekwa wiki nzima kwenye jasho bandia, na kinachopita kwenye tundu la sikio lazima kitoe chini ya mikrogramu 0.2 kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Nimeagiza za titani. Fundi atanuna akisikia bei.

Saa 5 ikaingia simu, na siku ikaishia hapo.

"Dada, duka la mtandaoni limefungia tangazo langu. Na CE ninayo!"

CE ni alama ya kutamka kwamba bidhaa inakidhi masharti ya Umoja wa Ulaya. Ana midoli 300 ya kitenge, imeshafungashwa. Anatuma picha ya "cheti cha CE" alichonunua kwa mtu wa WhatsApp, kina muhuri wa dhahabu. Hakina picha ya mdoli, hakina namba ya ripoti ya vipimo. Namweleza: kaka, mdoli wa kawaida hauna ofisi inayoutolea CE. Mtengenezaji mwenyewe ndiye anayesaini tamko la ulinganifu, na analisaini akiwa na vipimo vya EN 71, kiwango cha Ulaya cha usalama wa midoli, mkononi. Sehemu ya 1 ni uimara, ya 2 ni kushika moto, ya 3 ni metali zinazohama kutoka kwenye rangi. Faili lote linatunzwa miaka 10.

Kimya. Kisha: "Basi tuandike si kwa watoto wa chini ya miaka 3."

Kila mtu hujaribu mlango huo, akwepe vipimo vikali vya midoli ya watoto wadogo. Mdoli laini wa kujazwa, wa kukumbatia, unahesabiwa kuwa wa mtoto mdogo hata ukiuandikia onyo ukurasa mzima. Onyo lenyewe ndilo litakaloonekana kosa.

Akaileta mitano. Macho ni vifungo vya plastiki. Maabara huvuta kifungo cha zaidi ya milimita 6 kwa nguvu ya nyutoni 90, kama kukining'inizia kilo 9, na kushikilia sekunde 10. Mimi natumia mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki. Si kipimo rasmi, lakini huokoa ada ya maabara. Macho matatu yalitoka kabla ya kilo 6. Uzi mmoja, fundo limekaa juu ya kitambaa. Nikayadondosha kwenye kopo langu la kipenyo cha milimita 31.7, mfano wa koo la mtoto. Yakazama yote. Dawa yake ni kufumua vifungo na kudarizi macho kwa uzi.

Chakula kilipoa, sikumbuki saa ngapi. Alipiga tena, akapiga tena. Tangu 13 Desemba 2024 tangazo lenyewe lazima lionyeshe jina la mtengenezaji, anwani yake ya posta na barua pepe, pamoja na mtu aliye ndani ya Umoja wa Ulaya anayewajibika. Yeye ameandika jina la shemeji yake wa Hamburg. Shemeji amekubali kwa maandishi? "Bado hajui." Usajili wa vifungashio wa LUCID, ambao Ujerumani inautaka hata kwa kifurushi kimoja? Hajausikia. Na alama ya CE kaichapa milimita 3. Chini ya 5 haikubaliki.

Giza limeingia, lebo za kesho bado zimelala mezani. Ujumbe mmoja zaidi: "Dada, hivi vifungo 600 watakubali nivirudishe dukani?"