Deni la 2015 lilivyonifuata hadi Ngamiani

"Dawa ya deni kulipa." Maneno hayo nimeambiwa na watu kumi na mmoja, niliwahesabu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza deni lenyewe la mwaka gani.

Ni la kadi ya mkopo. Si ile kadi ya kutolea mshahara kwenye ATM. Ni ile ambayo benki inakupa hela yake utumbue kwanza, halafu mwisho wa mwezi mkutane. Niliichukua 2012 nikiwa Dar es Salaam, nafanya kazi ofisi ya kukatia watu tiketi za ndege, nikajiona nimefika. Nikanunua friji, nikamtibia mama macho, na kuna viatu ambavyo sitavieleza hapa. Mwaka 2015 ofisi ikapunguza watu na mie nikiwamo. Nililipa kwa kujikamua hadi Aprili, nikaandika barua kuomba wanipunguzie rejesho, sikujibiwa, nikarudi kwetu Tanga na mabegi mawili na friji. Deni wakati ule lilikuwa milioni moja na laki nane na ushee.

Miaka minane kimya. Nikaolewa, nikafungua duka la khanga na madira Ngamiani, nikasahau. Novemba 2023, asubuhi, nakunja khanga, simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama unadaiwa milioni sita laki tisa na thelathini, tunakuja kubeba vitu."

Hivi hivi, shikamoo na kubeba vitu ndani ya pumzi moja. Na kila alipopiga tena alianza na shikamoo, nami kila mara niliitikia, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa huku, hata kama mtu anakuja kukubebea friji. Hakuwa mtu wa benki. Alikuwa wa kampuni ya kukusanya madeni iliyokabidhiwa faili langu.

Nitasema ukweli nilichofanya kwanza, mcheke. Nilijificha. Alipopiga mara ya pili nilibana pua nikasema, "Mama hayupo, mie dada wa kazi, mama kaenda Pemba." Akauliza anarudi lini. Nikasema baada ya arobaini. Arobaini ya nani sikujua mwenyewe, ilinitoka tu. Akanipa pole. Baada ya siku mbili akapiga, nikajisahau, nikapokea kwa sauti yangu na madaha yote ya dukani: "Karibu mteja!" Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, arobaini imekwisha mapema."

Basi nikanunua laini mpya. Hapo ndipo nilipojiona mjanja kabisa. Namba mpya nimewapa watu wachache tu, ndugu na wateja wa karibu. Haikupita wiki, simu kwenye laini mpya: "Shikamoo mama," kisha akanisomea majina yangu yote matatu, polepole kama mwalimu anayeita mahudhurio. Nilipoteza usingizi nikijiuliza nani kaniuza. Hakuna aliyeniuza. Namba mpya nilikuwa nimeibandika mwenyewe mlangoni mwa duka, kwa maandishi makubwa, ili wateja wanitumie pesa. Mtu akiipiga picha na kuiingiza kwenye simu kama anataka kutuma elfu moja, jina la usajili linamtokea kabla hajaweka namba ya siri. Laini tunasajili kwa alama za vidole halafu tunadhani tunajificha!

Waliponikosa wakahamia kwa watu wangu. Wakampigia shemeji yangu. Wakampigia mweka hazina wa kikoba chetu, wakamwambia wanachama wawe macho na mie. Mji wenyewe ndio huu, jambo likitajwa kwenye kahawa ya alfajiri, adhuhuri limeshafika Pongwe na kurudi. Kikao kilichofuata nilikaa pembeni nikitazama kucha zangu.

Shemeji ndiye aliyetaka kunimaliza, na kwa nia njema. Yeye hukaa barazani na kashata yake na kila jambo analijua. Akasema, "Shemeji, wape hata elfu hamsini, uwaonyeshe una nia. Watu wakiona nia wanalegea." Na yule kijana naye, kama waliokaa kikao kimoja, akawa anabembeleza: "Mama, lipa hata elfu kumi tu, tufungue faili vizuri." Akanitumia na fomu ya kulipa kidogo kidogo: nakubali nadaiwa kiasi hiki, naahidi kulipa kila tarehe tano, saini hapa. Eti nikisaini kabla ya mwaka mpya nasamehewa nusu.

Nilikwenda kuichapa. Wallahi nilikwenda. Nikashuka kwenye bajaji mbele ya steshenari, nikamtumia yule dada fomu, printa ikaanza kuguruma, karatasi ikatoka nusu, umeme ukakatika. Tukasubiri. Nikanunua maji. Nusu karatasi imening'inia mdomoni mwa printa, inasomeka hadi "nakubali kwamba nadaiwa" basi. Baada ya saa nzima nikachoka nikarudi dukani, nikisema nitakuja kesho. Kesho yake mtoto akaugua, keshokutwa ikawa harusi. Maisha yangu yote nimelaani umeme kukatika, siku ile peke yake naiweka kwenye dua.

Mwisho wa Januari ikaingia Wiki ya Sheria. Kila mwaka Mahakama hutoa elimu kabla ya Siku ya Sheria, na wanasheria hukaa kwenye mahema kusikiliza watu bure. Mie nilipita tu, nilikuwa natoka kuchukua mzigo. Nikaona viti vitupu, nikakaa. Wakili aliyenisikiliza alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa. Hakuniambia dawa ya deni kulipa. Swali lake la kwanza: "Mama, mara ya mwisho kulipa ilikuwa lini?" Nikasema 2015. La pili: "Umesaini kitu chochote tangu hapo?" Nikakumbuka ile nusu karatasi, jasho likanitoka. Nikasema sijasaini. Akacheka, akanivutia kiti karibu.

Alivyonieleza ni hivi. Kuna Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, ya tangu 1971. Dai la mkataba, kama la mkopo, mwenye kudai ana miaka sita kulipeleka mahakamani. Ikipita, mahakama inalitupa, hata kama mdaiwa mwenyewe hakukumbuka kusema kwamba muda umepita. Ila ukilipa sehemu ya deni kabla miaka sita haijaisha, au ukakiri deni kwa maandishi na saini, hesabu inaanza upya. Na hata ikiwa imeshapita, ukisaini ahadi mpya ya kulipa, Sheria ya Mikataba inaitambua ahadi hiyo, umejifunga mwenyewe kwa kamba yako. Ndiyo maana ya "elfu kumi tu" na ile fomu! Shemeji na nia yake njema, alikuwa ananipeleka machinjioni nikiwa nimevaa ushungi mpya.

Akanionya pia, maana hakuwa wa kupaka mafuta: deni halifutiki kwenye vitabu, benki bado inaweza kuliandika kwenye taarifa za wakopaji, nami nikitaka mkopo benki nijiandae kuulizwa. Nikipata hati ya wito ya mahakama nisiichane, niende. Na nihakikishe hakuna kesi waliyofungua zamani nikashindwa bila kujua, kwa sababu hukumu ina miaka yake kumi na miwili ya kutekelezwa. Kuhusu kubebewa vitu alisema dalali halali anakuja na amri ya mahakama mkononi, si na shikamoo ya kwenye simu.

Shida ikawa ushahidi. Nyumbani nina kopo la biskuti lenye makaratasi yangu yote tangu shule. Nikalimwaga kitandani. Risiti ya malipo ya mwisho ilikuwemo, naijua kwa mkunjo wake, lakini ni zile karatasi laini za mashine. Imefutika, nyeupe pe, kama haijawahi kuandikwa kitu. Nikaishika kwenye taa, nikaigeuza upande wa pili, baba watoto akaniuliza kama nasoma nyota.

Hapo ndipo akili ya Kitanga ilipokuja. Nikasema, mwenye tarehe ni yule kijana. Safari hii nikapiga mimi. Nikajifanya mama wa watu asiyejua kitu: "Mwanangu, hilo deni mnalosema nyie, baba watoto hataki kuamini. Anataka kuona kwa macho. Huna karatasi inayoonyesha huyo mtu mnayemsema alilipa mara ya mwisho lini?" Muone maneno: deni mnalosema nyie. Huyo mtu mnayemsema. Wakili alinikataza kutamka "deni langu", nikawa nakanyaga kila neno kama nimevua viatu kwenye mwamba wa pwani.

Kijana kafurahi huyo! Akaona samaki kameza ndoano. Hata dakika kumi hazikupita, ikaingia WhatsApp taarifa nzima ya akaunti, kurasa nne. Ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu kutoka chini: Aprili 2015, malipo, 60,000. Baada ya hapo hakuna malipo mengine hadi mwisho, ni riba, penati, riba, penati, imeteremka kama ngazi hadi milioni sita na laki tisa. Nikahesabu kwa vidole: Aprili 2021 ndiyo ilikuwa mwisho wao. Nikapiga skrinshoti, nikajitumia, nikamtumia na somo yangu, nikachapa nakala mbili. Safari hii umeme ulikuwepo.

Barua niliiandika kwa kusaidiwa na yule wakili, ukurasa mmoja. Kwamba sikiri deni. Kwamba kwa taarifa yenu wenyewe malipo ya mwisho ni Aprili 2015 na muda wa Sura ya 89 umepita. Kwamba wakitaka kuzungumza nami waandike. Na kwamba kuwapigia shemeji na mweka hazina wangu kuna sheria yake, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, wakiendelea nitalalamika kwenye Tume yake. Nikaipeleka Posta kwa rejesta, risiti nimeitia kwenye kopo, safari hii nikaipiga picha kwanza. Gharama zote, na bajaji na kuchapa, haikufika elfu ishirini na tano, ukiacha ile laini mpya ambayo hadi leo naitumia.

Alipiga mara moja tu baada ya hapo. Shikamoo, marahaba. Akauliza nani kaniandikia barua. Nikamwambia aandike swali lake. Akasema haya mama, akakata.

Shemeji bado anasema ningewapa elfu hamsini yangeisha vizuri. Ustadhi wetu yeye aliniambia deni kwa Mungu halina ukomo, na hilo sikubishana naye. Milioni moja na laki nane nilikula kweli. Nilishaomba mara moja kulipa kidogo kidogo hawakunijibu, na hizi milioni tano za riba na penati hata yeye alitikisa kichwa.

Desemba 2024 ikaingia meseji, katikati ya kikao cha kikoba: ndugu mteja, lipa asilimia ishirini tu ufungiwe faili, ofa inaisha leo saa sita usiku. Nikawasomea wenzangu kwa sauti. Somo yangu akapiga hesabu, akasema, "Walianza na milioni sita na laki tisa, sasa milioni moja na laki tatu na ushee. Shoga, wangoje kidogo, mwakani watakulipa weye." Mweka hazina, yule yule aliyepigiwa simu, alicheka hadi akapoteza hesabu ya hisa, tukaanza kuhesabu upya.