Nilivyonunua Hisa za Duka la Nguo kwa Macho ya Mama

Mama yangu ameuza mitumba Kongowea, Mombasa, kwa zaidi ya miaka ishirini. Robota likifunguliwa alfajiri, kabla ya kushika nguo yoyote alikuwa akikadiria ngapi zitatoka kwa bei ya asubuhi. Kamera, zile za kuchaguliwa mwanzo, zilichukuliwa na wenye maduka ya mjini kabla jua halijapanda. Daraja la pili lilikwenda mchana. Jioni ilibaki fagia, ya kuuzwa kwa bei yoyote ile, na fagia ikizidi robota zima ni hasara, hata kama kutwa nzima watu walijaa mbele ya meza.

Haya nimekua nayo. Lakini mara ya kwanza nilipoweka pesa kwenye hisa za kampuni ya nguo, hapa Leicester ninakofanya kazi ya kutunza wazee, niliyasahau yote. Ilikuwa 2021. Kampuni iliuza nguo mtandaoni, jina lake naliacha. Kila msichana kazini alikuwa akipokea vifurushi vyake, nami nikaona ushahidi huo unatosha. Nikatia pauni 600. Mwaka haukuisha zikabaki chini ya 200. Nilipokaa kusoma hesabu zake, nikiwa nimeshachelewa, nikakuta mauzo yamepanda kweli, lakini stoki ghalani imepanda kwa kasi zaidi, na nguo zinazorudishwa na wateja ni nyingi mno. Vile vifurushi nilivyokuwa nikiviona vinaingia, vingi vilikuwa vinarudi vilikotoka. Pesa ile ilikuwa ya zamu za usiku, na iliniuma sana.

Mwaka uliofuata nikaamua kujifunza upya, na nikachagua kampuni ambayo ningeweza kuifikia kwa basi. Next ina makao yake Enderby, nje kidogo ya Leicester. Chimbuko lake ni kampuni ya ushonaji ya J Hepworth & Son iliyoanzishwa Leeds mwaka 1864; jina la Next lilikuja 1982. Tangu 2001 inaongozwa na Simon Wolfson, na ripoti zake zimeandikwa kwa Kiingereza ambacho hata mtu wa zamu ya usiku anaweza kukifuata. Anaeleza walichotarajia, kilichotokea, na wapi walikosea. Ripoti ya kwanza niliisoma kwa wiki mbili, kalamu mkononi.

Kilichonishika ni mstari mmoja. Next hutangaza mauzo ya bei kamili peke yake, mbali na yale ya bei iliyoshushwa. Nilipouona nilimpigia Mama simu palepale.

"Mama, hawa watu wanatenga bei ya asubuhi na bei ya jioni, tena wanaiandika."

"Na fagia yao wanaipeleka wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi kusoma. Nikakuta nguo za msimu uliokwisha huuzwa kwenye mnada wao wa mwisho wa msimu, na zinazobaki hupelekwa kwenye maduka yao ya mabaki na kwenye ukurasa wa mabaki mtandaoni. Swali la Mama limekuwa langu kwa kila duka la nguo tangu siku ile: mauzo yamekwenda hivi, stoki imekwendaje? Stoki ikikimbia kuliko mauzo kwa misimu miwili mfululizo, mimi sinunui, hata tangazo liwe zuri vipi.

Mjomba wangu wa Nairobi aliposikia, alinikemea. "Hisa za nguo? Umesahau Deacons?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Deacons, kampuni ya maduka ya nguo ya Kenya, iliingia Soko la Hisa la Nairobi Agosti 2016 kwa shilingi 15 kila hisa, na Novemba 2018 ilikuwa tayari mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Nilikaa na kisa hicho muda mrefu kuliko nilivyokaa na faida za Next, na ninaona ndivyo inavyotakiwa. Sehemu ya biashara ya Deacons ilikuwa kuuza kwa majina ya wengine, na mwaka 2018 Mr Price ya Afrika Kusini, mojawapo ya majina hayo, ilichukua maduka yake ya Kenya ikayaendesha yenyewe. Mwenye jina akiondoka na jina lake, unabaki na nini? Hapa Uingereza nikaangalia Debenhams, kampuni nyingine ya maduka. Mwaka 2005 iliuza majengo ya maduka yake 23 kisha ikayapanga hayo hayo kwa mikataba mirefu. Mwaka 2006 ikarudi soko la hisa kwa peni 195 kila hisa. Wateja walipohamia mtandaoni, kodi ya pango haikuhama nao. Aprili 2019 wenye hisa wake wakapoteza kila kitu.

Kwa hiyo nilienda kwa Next na maswali mawili ya ziada: nguo ni za jina la nani, na mikataba ya maduka imebaki miaka mingapi? Nguo nyingi ni za jina lao wenyewe. Mikataba yao ni mifupi, na ripoti inaonyesha kodi zikishuka kila wanapoihuisha.

Kuna jambo moja sikulipenda. Next inawakopesha wateja wake nguo kwa riba, na deni inalowadai wateja linazidi pauni bilioni 1. Riba hiyo ni sehemu kubwa ya faida. Rafiki yangu wa Likoni, Mwislamu, aliposoma ukurasa huo alifunga ripoti akasema hawezi, na namheshimu. Mimi nilisita kwa sababu nyingine: hali ya maisha ikibana, watu watalipa? Nilitafuta kiasi wanachotenga kila mwaka kwa madeni yasiyolipika, nikaona si cha kutisha. Hata hivyo mpaka leo ndiyo kurasa ninazozisoma kwa wasiwasi.

Basi ikaja Septemba 2022. Pauni ilianguka mbele ya dola, na maduka haya hununua nguo Asia kwa dola. Tarehe 29 Next ikashusha makadirio yake ya faida ya mwaka kutoka pauni milioni 860 hadi 840, na bei ya hisa ikaporomoka siku hiyo hiyo. Kazini watu walizungumzia gesi na mikopo ya nyumba tu. Mimi nilichukua basi hadi duka la Next la Fosse Park.

Nilikaa dukani saa nzima. Nilishika makoti ya watoto, nikavuta zipu, nikageuza ndani kuangalia mshono wa kwapa, maana hapo ndipo Mama huanzia. Ulikuwa umeshonwa mara mbili, nyuzi zimekatwa vizuri. Kwenye reli ya makoti ya rangi ya bluu saizi za kati zilikuwa zimekwisha, na bei ilikuwa ile ile ya kwanza, bila kibandiko chekundu. Kwenye kaunta ya kurudisha vifurushi, kila watatu waliokuja, mmoja alitoka na kitu kingine mkononi. Najua saa moja katika duka moja haithibitishi chochote, lakini haikupingana na niliyoyasoma.

Usiku ule nikapiga hesabu. Faida kwa kila hisa ya mwaka uliokuwa umefungwa Januari 2022 ilikuwa peni 530.8. Hisa ilikuwa karibu pauni 48. Gawanya, unapata tisa. Yaani faida ikibaki pale pale, bila kukua hata kidogo, inarudisha bei yako kwa miaka tisa. Nikajiuliza: na faida ikipungua robo? Inakuwa kama kumi na mbili. Hata hiyo ningeweza kuivumilia. Mwaka 2021 sikuwahi kujiuliza swali hilo.

Nilinunua hisa 10 mwanzoni mwa Oktoba, ndani ya akaunti ya ISA ili gawio, yaani fungu la faida wanalopewa wenye hisa, na faida ya kuuza visikatwe kodi. Ushuru wa stempu, asilimia 0.5, ulikuwa pauni 2 na peni 40, na ada ya dalali juu yake. Novemba kampuni ikatoa taarifa nyingine, makadirio hayakushuka tena, nikaongeza 10 kwa zaidi kidogo ya pauni 50. Januari 2023 likaingia gawio la kwanza, peni 66 kwa hisa, jumla pauni 13 na peni 20. Machi wakatangaza faida ya pauni milioni 870.

Jambo nililochelewa kulielewa ni tabia yao ya kununua hisa zao wenyewe na kuzifuta. Nilimweleza Mama kwa mfano wa chama: wanachama wakipungua na mfuko ni ule ule, fungu la kila aliyebaki linakua. "Mradi wasiwalipe wanaotoka kupita kiasi," akasema. Nao wana kipimo: hawanunui kama hesabu haiwapi angalau asilimia 8 kwa mwaka. Mwaka 2015 bei ilipopanda mno, waliwagawia wenye hisa gawio maalumu badala yake.

Agosti 2024 hisa ilipita pauni 100. Ile tisa yangu ikawa kumi na saba. Duka lilikuwa zuri kama zamani, lakini mimi nisingelinunua kwa bei hiyo, kwa hiyo niliuza 8. Pauni 800 zile zilirudisha sehemu kubwa ya nilichotia mwanzo, na Mama akapata mabati mapya ya kibanda. Zile 12 ninazo bado. Taarifa ya baada ya Krismasi hutoka mwanzoni mwa Januari, saa moja asubuhi, wakati ninapotoka zamu. Huisoma kwenye basi, mstari wa bei kamili kwanza.