Hodi za Córdoba

Tulifika Córdoba, kusini mwa Uhispania, saa nane na dakika kumi mchana. Milango ilikuwa imefungwa saa nane kamili.

Kosa langu. Binamu yangu anayesoma Madrid alishasema tupande treni ya asubuhi, mimi nikajibu kwamba ni mwendo wa chini ya saa mbili, haraka ya nini. Kichwani mwangu sherehe ya maua ilikuwa kama Sabasaba: geti liko wazi kutwa, unaingia ukitaka. Kumbe sherehe yenyewe ni viwanja vya maua ndani ya nyumba za watu. Wenye nyumba wanafungua saa tano asubuhi, saa nane wanafunga wakale na kujinyoosha, halafu wanafungua tena saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku. Tiketi hakuna, unaingia bure, ila ratiba ni ya mwenye nyumba.

"Dada, nilikwambia," akasema mara moja, kisha akanyamaza kwa adabu. Bora angenisema.

Basi tukabaki na karibu saa nne za kuua katika mtaa wa San Basilio. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Mei na joto limeshafika nyuzi 32. Kuta zote zimepakwa chokaa, jua likizipiga linakurudia machoni. Mhudumu wa mgahawa tuliokimbilia alituambia hilo bado si joto, tuje Julai. Nikaagiza salmorejo: nyanya, mkate mkavu, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, vyote vimesagwa mpaka vikawa uji mzito wa rangi ya chungwa, unaliwa wa baridi. Juu yake huwekwa yai la kuchemsha na vipande vya nguruwe aliyekaushwa, kwa hiyo Kihispania changu cha kwanza kilikuwa "sin jamón", bila nguruwe, nacho kilieleweka. Tukaongezea biringanya za kukaanga zilizomwagiwa asali nyeusi ya miwa. Biringanya wanaiita berenjena. Zeituni ni aceituna, meza ni mesa, bendera ni bandera. Mengine sisi tumeyapata kwa Waarabu, mengine kwa Wareno, na Mhispania naye amepakua kwa Waarabu hao hao, na Mreno ni ndugu yake wa lugha.

Saa kumi na mbili kasorobo foleni ilikuwa imeshakunja kona.

Mlangoni kijana anaruhusu watu kumi kumi. Ukivuka kizingiti unaingia kwanza kwenye kiukumbi chenye giza na ubaridi, wanakiita zaguán, nalo ni neno lililotoka kwenye Kiarabu. Kazi yake ni ile ya tekani katika nyumba za kale za Lamu: mpita njia asione ya ndani. "Hodi," nikasema kwa mazoea, kwa sauti ya chini. Binamu akacheka.

Kisha mwanga. Ukuta mweupe kutoka chini hadi kwenye vigae, na juu ya ukuta vyungu vya buluu vimekaa kwenye pete za chuma, safu juu ya safu, vinapita mia, kila kimoja kinamwaga maua mekundu na ya waridi. Chini kuna kokoto za mtoni zilizopangwa zikatoa michoro. Katikati kisima, na kapi lake. Pembeni karo la mawe la kufulia, lenye mifereji ya kusugulia nguo iliyolika kwa kutumika. Nilisikia harufu ya asumini, na chini yake harufu ya udongo uliotoka kumwagiwa maji.

Ni huo udongo ulionikamata.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, na nyuma uani. Viwili vilikuwa vyetu, vinne vya wapangaji. Uani palikuwa na bomba moja, choo kimoja, bafu moja, majiko ya mkaa kama matano, na kando ya ukuta wote madebe. Madebe ya mafuta, makopo ya maziwa ya unga, ndoo iliyopasuka. Mrehani, asumini, mwaridi mmoja mwenye kiburi, na kilua ambacho bibi alikilinda kuliko wajukuu. Nilipokwenda sekondari na kuanza kutembelea nyumba za wenzangu zenye bustani na majani ya kukatwa, nikayaonea haya yale madebe. Maua ya maskini, nilijiambia. Sasa nimesafiri nusu ya dunia, nimesimama foleni dakika hamsini, nione ua lililopandwa kwenye kopo.

Na si kufanana kwa macho tu. Nyumba nyingi kati ya hizi zilikuwa za kupanga. Wanaziita casas de vecinos, nyumba za majirani: kila familia chumba chake, au viwili, kuzunguka uwanja mmoja, na kisima, makaro, jiko na choo ni vya wote. Watu walipanda maua kwa sababu kuta zilikuwa kitu pekee walichokuwa nacho kwa wingi, na kwa sababu maji na majani hupoza nyumba katika mji unaochemka. Mwaka 1921 halmashauri ya mji ikaanzisha shindano la uwanja uliopambwa vizuri zaidi. Mwaka 2012 UNESCO ikaiingiza sherehe hii kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na hapo ndipo foleni, nadhani, zilipoanza kukunja kona.

Vibao vya maelezo vinasifu ujirani, mshikamano, watu kuishi kama ndugu. Sipingi. Lakini mimi nimelelewa uani. Mbona hakuna kibao cha foleni ya choo saa kumi na mbili asubuhi? Au cha kamba ya kuanikia, nani kaondoa nguo za nani? Bibi alipatanisha ugomvi wa bili ya maji kila mwisho wa mwezi, akiwa ameshika kata ya kumwagilia mkononi kama rungu. Ujirani ule ulikuwa kazi, na kazi hiyo mara nyingi aliifanya mwanamke mmoja, mzee, ambaye hakuna aliyemlipa.

Jingine la kuchekesha. Nyuma yetu alikuwepo mwongoza watalii akieleza kundi lake kwamba yote haya ni urithi wa Waarabu. Yote? Warumi walijenga nyumba zenye uwanja katikati hapa kabla ya Waarabu. Na hayo maua yanayomwagika ukutani, ambayo wenyewe huyaita gitanillas, ni jamaa ya jeranio, yenye jina la kitaalamu Pelargonium, na asili yake ni kusini mwa Afrika. Yalifika Ulaya kwa meli zilizopitia Rasi ya Tumaini Jema, karne nyingi baada ya makhalifa wa Córdoba kuzikwa. Bogenvilia ilitoka Amerika Kusini. Nyanya ya salmorejo yangu pia ilitoka Amerika. Kama ua linahesabiwa uraia, basi uwanja ule ulikuwa umejaa wageni, na mimi Mwafrika mwenzao nilikuwa nimengojeshwa mlangoni.

Siku ya pili ilikuwa ya misalaba. Mwanzoni mwa Mei vyama vya mitaa na vya kanisa husimamisha viwanjani misalaba mirefu iliyofunikwa maua ya karnesheni, mekundu au meupe, na kuizungushia vyungu na shali za hariri za kutarizi. Kando kuna baa na spika kubwa, watu wanacheza sevillanas hadi usiku. Hayakuwa mambo yangu sana, na ushungi wangu pale ulionekana kuliko msalaba wenyewe, ila hakuna aliyenikera. Bibi mmoja alininyooshea glasi ya mvinyo, nikatikisa kichwa, akatazama ushungi, akajipiga paji la uso, akanirudia na maji yenye barafu. Wasichana walikuwa wamechomeka ua moja kubwa utosini. Nikakumbuka kikuba. Kwetu ua huvaliwa linukie, kwao lionekane kutoka mbali. Kila mtu na raha yake.

Siku ya tatu, Mezquita. Nilikuwa nimeiahirisha makusudi. Msikiti huu ulianzishwa na Abdurrahman wa Kwanza mwishoni mwa karne ya 8, mtoto wa Bani Umayya aliyekimbia mauaji ya ukoo wake Shamu akaja kuanza upya huku. Waliomfuata wakauongeza na kuuongeza; nguzo zilizobaki leo zinapita 850. Mwaka 1236 mji ukachukuliwa na mfalme Fernando wa Tatu, msikiti ukafanywa kanisa, na kuanzia 1523 wakajenga kanisa kuu zima katikati ya nguzo, kama mtu aliyeegesha lori sebuleni. Matao mekundu na meupe yanakwenda hadi macho yanachoka. Kisha mihrabu, dhahabu na buluu, nyuma ya vyuma. Kusali kwa Kiislamu humo hakuruhusiwi. Nilikuwa na udhu, na nikatoka nao.

Nje, kwenye uwanja wa michungwa, nikakaa muda mrefu. Maua ya michungwa wanayaita azahar, na ndani ya neno hilo hilo mnasikika Zahra, jina la shangazi yangu. Yalikuwa yameshapukutika, ni maua ya Machi na Aprili. Nimechelewa tena. Binamu hakusema kitu.

Jioni tukarudi San Basilio. Safari hii niliangalia na milango isiyokuwa kwenye ramani ya sherehe. Kwenye kadhaa kulikuwa na vijisanduku vidogo vya funguo vyenye namba za siri, na maandishi ya Kiingereza. Vyumba vya watalii. Sina haki ya kulaumu, maana nasi tulilala kwenye kimojawapo, tena dirisha la kwetu lilitazama uwanja wenye kiyoyozi kinachodondosha maji na chungu kimoja kikavu. Na Ngamiani je? Bibi alipofariki wajomba walijenga vyumba vinne uani, sakafu ya saruji ukuta hadi ukuta. Kodi inalipa ada za watoto. Madebe sijui yalikwenda wapi. Sikuuliza wakati ule, nilikuwa nimeshahama.

Katika nyumba ya mwisho tuliyoingia usiku huo mwenye nyumba mwenyewe alikuwa anamwagilia, mama wa miaka sabini na kitu, amevaa aproni. Nusura nimwamkie shikamoo. Vyungu vya juu kabisa anavifikia kwa mwanzi mrefu wenye kopo kwenye ncha. Anachota kwenye pipa, anaupandisha mwanzi polepole huku kopo likiyumba, anaulaza kidogo, maji yanaingia chunguni bila tone kudondoka kwa wageni walio chini. Binamu akamuuliza inamchukua muda gani. Akajibu ni saa tatu kila siku wakati wa joto, na kwamba wanawe wanaishi mbali na mgongo unamuuma. Alijibu bila kugeuka, macho yako kwenye kopo.

Nilirekodi video fupi nikamtumia mama WhatsApp. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, kuku wanasikika nyuma yake. Kwanza kama nimekula. Pili: "Hayo maua mazuri, lakini hebu niulizie, hilo kopo wamelifunga vipi kwenye mwanzi? Bibi yako alihangaika na kile chungu cha juu ya mlango miaka yote, akipanda kigoda. Mara mbili alianguka."

Sikuwahi kujua kwamba alianguka.

Kwa hiyo asubuhi ya mwisho, treni yetu ikiwa ya saa saba, saa tano kamili nilikuwa wa kwanza kwenye mlango ule. Yule mama hakushangaa hata kidogo. Nadhani nilikuwa mgeni wa kwanza kuuliza habari za kopo badala ya maua. Aliulaza mwanzi mezani kama anayemlaza mgonjwa. Kopo lilikuwa la nyanya, karatasi imebanduliwa. Karibu na mdomo lina matundu mawili, yametobolewa kwa msumari kutoka ndani, ncha zake kali zimepondwa kwa nyundo. Waya umepita tundu la kwanza, umezunguka mwanzi mara tatu, umerudi kwa tundu la pili, na mwisho wake umesokotwa kwa koleo. Chini ya waya ameweka kipande cha kitambaa ili kopo lisiteleze. Nilipiga picha nne, za karibu, moja nimeshika waya kwa kidole kuonyesha unapopita.

Mama alizifungua tukiwa tayari ndani ya treni.

"Kumbe waya wa kawaida," akaandika. Baada ya dakika moja: "Waya utakula kutu. Mwambie atumie mpira wa baiskeli."